Mkesha wa Nairobi na mkesha wa Ngangao

Ukikaa Nairobi mahali penye nyasi kidogo, unamjua ndege huyu hata kama hujawahi kuuliza jina lake. Mgongo ni wa kijivu kinachoelekea kahawia, tumbo ni la rangi ya chungwa, na mdomo pia. Anakimbia hatua tatu nne, anasimama wima, anainamisha kichwa upande mmoja, kisha anachomoa nyungunyungu na kumvuta mpaka atoke mzima au akatike. Vitabuni anaitwa mkesha, na wanasayansi humwita Turdus abyssinicus, kwa sababu wa kwanza kuandikwa alitoka Uhabeshi. Mimi namwita mkesha wa Nairobi, ingawa Nairobi ni kona ndogo tu ya makazi yake. Yuko Ethiopia, yuko Uganda na Rwanda, yuko kaskazini mwa Tanzania, yuko Mlima Kenya na Kilimanjaro.

Mimi ni muuguzi na zamu zangu nyingi ni za usiku, kwa hiyo ndege huyu namjua zaidi kwa sauti. Anaanza kuimba giza likiwa bado zito na taa za barabarani zikiwaka, wakati mtu anatoka wodini miguu imevimba anaelekea stejini. Wimbo wake ni wa vipande vifupi: filimbi mbili tatu, kimya, kisha filimbi zilezile zimegeuzwa kidogo. Si fundi wa kupindukia. Nimesikia ndege wanaomshinda mbali, hata hapa hapa Nairobi. Lakini anarudia kila siku, mvua isinyeshe au inyeshe, na mtu akimsikia mwaka mzima huishia kumpenda tu.

Ana nduguye kwetu. Kwetu ni milima ya Taita, kusini-mashariki mwa Kenya, chini ya msitu wa Ngangao, kilomita chache kutoka mji wa Wundanyi. Huyo ni mkesha wa Taita, Turdus helleri, na pamoja na kwamba nilikulia miguuni pa msitu wake, nimemwona mara chache mno kuliko huyu wa jijini. Umbo ni lilelile na mdomo ni ule ule wa chungwa. Tofauti ni mavazi: kichwa na kifua ni vya giza karibu na weusi, tumbo ni jeupe, na mbavuni kuna rangi ya kutu. Ukimpata kwenye mwanga mzuri ni mzuri kuliko ndugu yake, na sisemi hivyo kwa sababu ya nyumbani peke yake. Shida ni kwamba mwanga mzuri na mkesha wa Taita hawapatani.

Aliandikwa kisayansi mwaka 1913 na Edgar Mearns, Mmarekani, akapewa jina la Edmund Heller, Mmarekani mwingine, ambaye mwaka 1909 alikuja Afrika Mashariki katika msafara wa Theodore Roosevelt. Baadaye wataalamu wakamwona ni tawi tu la mkesha mmoja mkubwa wa Afrika, wakamweka kapu moja na wa Nairobi, wa Usambara na wa Afrika Kusini. Ilichukua miaka mingi kukubaliana kwamba ni spishi yake mwenyewe, na vinasaba vilipoanza kusomwa vikaunga mkono hoja hiyo. Jambo hili linaonekana la vitabuni, lakini lina uzito wake. Alipokuwa tawi la ndege aliyeenea nusu ya bara, hakuna aliyemwogopea. Angeweza kuisha Taita na ripoti ikasema mkesha yupo tele.

Mjomba wangu alifanya kazi na watafiti miaka ya 1990. Walitoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya na vyuo vikuu vya Ubelgiji, nao walihitaji watu wanaojua njia za msituni. Kazi yake ilikuwa kubeba nyavu, zile nyembamba zisizoonekana kirahisi, kuzitandaza kabla ya jua kuchomoza, na kuzizungukia mara kwa mara ili ndege aliyenaswa asiteseke. Ndege akitolewa wavuni anavishwa pete ya chuma yenye namba na nyingine za plastiki za rangi, anapimwa uzito, bawa na mguu, anatolewa tone la damu, anaachiliwa. Mjomba mpaka leo anaweza kukuonyesha kwa vidole vyake vinene jinsi ya kumshika ndege shingo ikiwa katikati ya vidole viwili bila kumbana. Tulipokuwa wadogo tulimwona mtu wa ajabu: anaamka saa tisa usiku kwenda kushika ndege halafu anamwachia.

Nikamuuliza siku moja tofauti ya wale wawili ni nini hasa, maana kwangu mimi mmoja alikuwa ni yule yule aliyebadilisha nguo.

"Huyo wako wa Nairobi ni mtu wa sokoni," akasema. "Huyu wetu ana haya. Toa mti mmoja, anasogea. Toa mitatu, humwoni tena hapo."

Sijasoma maelezo ya kitaalamu yanayozidi hayo. Mkesha wa Taita hula chini, kwenye majani yaliyodondoka, akifukua wadudu na kuokota matunda ya miti ya msitu. Anataka vilele vya miti vilivyoshikana juu, na chini pawe peupe pasipo kichaka kikubwa, ili majani yaliyooza yatande vizuri. Msitu ukikatwa hapa na pale, jua linaingia, magugu na miiba inaota, na sakafu anayoitegemea inapotea hata kama kwa mbali msitu unaonekana bado upo. Shambani haendi. Kwenye vichaka vya kando ya msitu ni nadra kumwona.

Sasa tazama milima ya Taita ilivyo. Ni ncha ya kaskazini kabisa ya ule mnyororo wa milima ya kale unaoshuka Tanzania kupitia Pare, Usambara na Uluguru mpaka Udzungwa, na ndiyo sehemu pekee ya mnyororo huo iliyoko Kenya. Inasimama peke yake juu ya nyika kavu ya Tsavo, inakinga ukungu unaotoka Bahari ya Hindi, na kwa sababu ya ukungu huo ina msitu na viumbe ambavyo havipo kwingine duniani. Na kwa sababu ya ukungu huo huo, watu walipanda huko zamani sana wakalima. Mahindi, maharage, viazi, kabichi, matuta juu ya matuta. Siwalaumu, mimi mwenyewe nimesomeshwa na kabichi. Lakini msitu wa asili uliobaki, ukijumlisha vipande vyote, ni kama hekta 400 tu. Karura peke yake, ule msitu ndani ya jiji la Nairobi, una takriban hekta 1,000.

Hizo hekta 400 zenyewe zimekatikakatika. Mkesha wa Taita anategemea vipande vitatu: Mbololo, chenye hekta kama 200, Ngangao, kama 120, na Chawia, ambacho hakifiki 100. Mbololo kimetengwa na vingine na bonde la Paranga. Kwa mkesha wa Nairobi masafa hayo si kitu. Atavuka barabara kuu, atavuka mtaa, atatua kwenye ua wa mtu, atakunywa maji ya bomba linalovuja, ataendelea. Wa Taita havuki. Damu zile zilizochukuliwa msituni zilipopimwa vinasaba zilionyesha kwamba ndege wa misitu hii mitatu wanatofautiana, dalili kwamba hawachanganyiki isipokuwa kwa nadra. Kwenye ramani unaona kilomita chache. Kwake yeye ni visiwa.

Kwa hiyo mtu akikwambia idadi, mwulize iko wapi. Makadirio ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yaliweka jumla ya mikesha wa Taita karibu 1,350. Kwa spishi nzima idadi hiyo ni ndogo, lakini mtu anaweza kujifariji kwamba si haba. Igawe sasa. Zaidi ya 1,000 walikuwa Mbololo. Ngangao walikuwa kama 250. Chawia hawakufika 40.

Mimi hesabu hizo zilinisumbua kwa sababu nyingine pia. Mbololo si mkubwa mara nne kuliko Ngangao, hata mara mbili haufiki, lakini ulikuwa na ndege mara nne. Kwa hekta moja, Mbololo ilibeba ndege watano, Ngangao wawili. Mbololo ndio msitu ulioguswa kidogo zaidi. Ngangao ulikatwa miti mingi na baadhi ya mapengo yakajazwa misonobari. Chawia ndio uliochoka kuliko yote. Ukubwa wa msitu, basi, ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni namna msitu ulivyo ndani, na hiyo huioni kwa picha ya setilaiti wala kwa kupita na gari.

Halafu kuna suala la majike. Damu ile ile iliweza kusema ndege ni dume au jike, jambo ambalo kwa macho ni gumu maana wanafanana. Katika kipande kidogo kabisa, Chawia, madume walikuwa wengi kuliko majike kwa kiasi cha kutisha. Kundi zima halifiki 40 na majike ni wachache mno: hapo madume wengi wanaimba bure. Ukihesabu vichwa unaona kundi. Ukihesabu viota huoni.

Jambo ambalo mjomba alilipenda kulieleza kuliko yote, na mimi nililielewa haraka kuliko wengine nyumbani, ni la miguu. Watafiti walimpima kila ndege mfupa wa mguu wa kulia na wa kushoto, kwa uangalifu wa kukera, wakirudia kipimo. Wenzake mjomba waliwacheka: miguu ya ndege mmoja si ni sawa? Si sawa kabisa. Mwili unaokua katika taabu, njaa au msongo hushindwa kujenga pande mbili kwa usawa, na tofauti ndogo ya kulia na kushoto hubaki kwenye mfupa maisha yote. Walipolinganisha misitu, tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo msitu umeharibiwa zaidi. Kazi hiyo ilifanywa kwa spishi saba za ndege wa Taita, na mwelekeo ukawa ni huo. Kliniki tunazungushia mtoto utepe mkononi ili kujua hali ya lishe kabla hajadhoofika machoni pa kila mtu; mguu wa mkesha ni utepe wa namna hiyo. Ndege bado anaruka, bado anaimba, bado anahesabiwa kuwa yupo, na mfupa wake umeshasema kwamba hapo alipozaliwa hapakumtosha.

Hapo ndipo ninapogombana kidogo na madaraja. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, iliyoanzishwa mwaka 1964, huwapanga viumbe kuanzia wasiotia wasiwasi mpaka waliotoweka. Mkesha wa Nairobi yuko ngazi ya chini kabisa ya wasiwasi. Mkesha wa Taita kwa miaka mingi aliwekwa ngazi ya juu kabisa ya hatari, ile ambayo baada yake ni kutoweka, na hadi leo yumo miongoni mwa wanaotishiwa. Sina ugomvi na hilo. Ninachotaka msomaji ajue ni kwamba daraja halipimi idadi peke yake. Linapima pia kasi ya kupungua, ukubwa wa eneo, na kama eneo limekatikakatika. Na eneo linahesabiwa kwa miraba ya kilomita 2 kwa 2: ndege akiwa na kipande kidogo ndani ya mraba, mraba wote, yaani kilomita za mraba nne, unaingia kwenye hesabu. Njia hiyo ni ya busara, maana inawezesha kulinganisha chura wa Taita na nyangumi wa bahari kuu. Ila kwa msitu kama Chawia, sehemu kubwa ya mraba ni mahindi, na mkesha wa Taita hana habari na mahindi. Karatasi inampa nafasi asiyoitumia.

Kwa hiyo nikisikia kwamba kiumbe fulani amepanda au ameshuka daraja, siku hizi nauliza kwanza nini kimebadilika: ndege, msitu, au hesabu.

Upande wa pili, daraja la chini nalo huwadanganya watu wa Nairobi. Mkesha wetu wa jijini anaishi vizuri kwa sababu ya vitu vinavyoonekana vya kawaida: nyasi zinazomwagiliwa, ua wa michongoma, mlokwati wa jirani, miti ya zamani ambayo hakuna aliyeikata. Muthaiga na Karen ni peponi kwake. Sehemu ambazo nyumba zenye bustani zimebomolewa na maghorofa yakajengwa mpaka ukingoni mwa kiwanja, simsikii kama zamani. Hilo halitamfikisha kwenye orodha yoyote ya hatari, kwa kuwa ana Ethiopia na Mlima Kenya za kumtunza, na pia ana Karura, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea mwaka 1999. Wakati mwingine mawazo hayo hunichekesha kwa uchungu. Ndege anayeweza kuishi kwenye ua wa maua ndiye mwenye msitu wa hekta 1,000 uliozungushiwa uzio, na ndege asiyeweza kuishi nje ya msitu anagawana mia nne na apalis wa Taita, yule ndege mdogo ambaye hali yake ni mbaya hata kuliko ya mkesha.

Tukija kwenye kupanda miti, nitasema wazi kwa sababu kwetu watu wananiambia napenda ubishi. Tarehe 13 Novemba 2023 Kenya nzima ilipewa likizo ya kupanda miti, katika ile ndoto ya miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Wazo nalipenda. Lakini mti si msitu, na kwa mkesha wa Taita baadhi ya miti ni sawa na lami. Chini ya misonobari kuna sindano kavu na kimya. Wadudu wa kufukua ni wachache na matunda hakuna. Chini ya mikaratusi hali si bora, na juu ya hilo mikaratusi inakunywa maji kwenye milima inayolisha mto Voi. Miti hii ina kazi yake, tunajengea na kupikia, na ukiondoa kuni za mkaratusi shambani mtu atakwenda kuzitafuta kwenye msitu wa asili. Kwa hiyo usiing'oe shambani. Ila usiipande ndani ya Ngangao ukaiita kurejesha msitu.

Mjomba sasa ana kitalu nyuma ya nyumba. Anaokota mbegu msituni kwa ruhusa, anazipanda kwenye karatasi za nailoni na vikopo vya maziwa ya unga, na asilimia kubwa ya kazi yake ni kungoja. Miche ya grivelia hutoka haraka na wateja wako mlangoni. Miche ya miti ya asili, Newtonia, Ocotea na mingine ambayo yeye anaijua kwa Kidawida tu, lugha ya kwetu Taita, inachukua muda wake. Mingine mbegu zake hazikubali kukaa: ukichelewa kuzipanda zimekufa. Nikamwambia mjomba, kwa umri wako hutaona hii miti ikikutana vilele.

"Wewe je, utaiona?" akaniuliza.

Nikanyamaza. Nina miaka arobaini na kitu, na msitu wa ukungu hauna haraka na mtu.

Kuna watu wakisikia habari hizi wanakimbilia fighi. Kwa wasiojua, fighi ni mahali patakatifu pa Wadawida, kipande cha msitu chenye miiko, kinacholinda mji na watu wake. Haingii yeyote anayetaka, hakatwi mti, hapigwi kelele. Nyanya yangu hakuwa na habari na spishi wala vinasaba, lakini hakuna mtoto wake aliyethubutu kuokota hata ukuni huko. Ni kweli kwamba baadhi ya miti mikubwa kabisa iliyobaki kwetu imebaki kwa sababu ya woga ule. Sikubaliani na wanaosema turudi tu kwenye fighi na yote yatakuwa sawa. Fighi nyingi ni ndogo, na mkesha wa Taita tumeshaona anachofanywa na udogo. Nionavyo mimi, faida yake leo ni nyingine: ni vyanzo vya mbegu, na ni ushahidi kwa vijana kwamba katika milima hii kuliwahi kuwa na sheria ya msitu ambayo haikuhitaji mlinzi mwenye bunduki. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ndiyo iliyofungua mlango wa jumuiya za wananchi kushiriki kutunza msitu, na ile ya mwaka 2016 iliyochukua nafasi yake ikauacha wazi, na hilo linasaidia pale ambapo watu wanapata kitu cha kupeleka nyumbani: asali, miche, kuongoza wageni.

Wageni wenyewe ni wa kuja na kuondoka. Wengi wanaotafuta mkesha wa Taita ni wazungu wenye orodha. Ningependa waje Wakenya. Kujifunza si lazima uanzie Taita: Nairobi kuna matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, shirika la wapenda mazingira, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971. Mkesha wa Nairobi ndiye mwalimu mzuri wa kuanza naye. Ukimzoea huyu, mwendo wake wa kukimbia na kusimama, namna anavyorusha majani pembeni kwa mdomo, utakuwa umeshamjua nusu yule mwingine, maana msituni utasikia majani yakirushwa kabla hujaona ndege.

Ukiamua kwenda, shukia Voi, panda matatu ya Wundanyi kupitia Mwatate, ulale huko, na asubuhi na mapema uchukue bodaboda mpaka Ngangao. Pita kwa walinzi wa msitu kwanza, na mchukue kijana wa hapo akuongoze. Macho yake yatakuokolea saa nzima. Vaa koti hata kama Voi uliiacha inatoka jasho. Usivae rangi kali. Ukifika ndani, tafuta mahali penye miti mikubwa na majani mengi chini, kaa, usitembee. Watu wengi hushindwa kwa sababu ya kutembea. Na wimbo wa ndege uliopakua kwenye simu usiupige ili ajitokeze. Mkesha wa Nairobi ukimsumbua atahamia ua wa pili. Huyu akiacha kula kuja kupigana na simu yako, muda huo ameupoteza, na baada yako atakuja mgeni mwingine na simu nyingine kumtafuta kwenye hekta zilezile 120.